Kinywachura Sebuleni

Simu iliita wakati mtaalamu wa mimea akibandika utepe wa karatasi juu ya shina la mmea mkavu, kazi inayotaka mikono miwili na pumzi iliyobanwa. Aliiacha iite mpaka gundi iliposhika. Kisha akafuta vidole kwa kitambaa na kupokea. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, ukitoka kazini pitia hapa nyumbani. Kuna maua yameota sebuleni."

"Ya rangi gani?"

"Zambarau, ile iliyopauka. Yametokea kati ya vigae, na vigae vyenyewe havijavunjika. Sijui hata nikuelezeje."

"Hebu shika shina lake. Ni la mviringo?"

Upande wa pili ilisikika simu ikiwekwa chini na kuokotwa tena. Mdogo wake alikuwa ameinama. "Lina kona," akasema. "Kona nne, kama mguu wa stuli."

"Nitapita," akasema mtaalamu wa mimea, akarudi kwenye gundi yake.

Mmea wenye shina la pembe nne na majani yanayokaa mawili mawili, yakitazamana, kwa kawaida ni wa jamii ya mnanaa. Alikuwa amelifundisha jambo hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba lilimtoka mdomoni kama salamu. Katika jamii hiyo yumo ndugu mmoja asiyetaka bustani wala kopo la maua. Huota katika kinamasi tu, tena kinamasi cha upande ule alikohamia mdogo wake, na hakuna pengine popote alipowahi kukubali kuishi. Watu humwita kinywachura, kwa kuwa ua lake lina midomo miwili, wa chini mnene kuliko wa juu, na ukilitazama utadhani lilitaka kusema neno likaghairi. Watoto hukipenda kinywachura kwa tabia yake moja: ukilisukuma ua upande, hubaki palepale ulipoliacha. Kamati ya ardhi hukihofia kwa tabia nyingine: hakiishi pasipo maji chini yake mwaka mzima. Kwa hiyo palipo na kinywachura kilichosimama, hata kiwe kimoja, sheria hupahesabu kuwa kinamasi, na kinamasi hakijengwi.

Mdogo wake aliishi katika mtaa mpya wa nyumba zilizofanana kama sabuni za katoni moja, ambako watu walizitambua nyumba zao kwa mapazia. La kwake lilikuwa la kijani. Alifungua mlango akiwa amekunja gauni mpaka magotini.

"Vua viatu, dada. Na soksi. Maji yameshapanda."

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa ya baridi, safi, yenye rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Tangu mvua zilipoanza yalikuwa yakipanda kila alasiri na kushuka jua likizama, bila kelele, na bila kulowesha kitu. Zulia lililokuwa chini yake lilikuwa kavu. Gazeti lililoanguka sakafuni lilisomeka vizuri tu. Maji yale yaliwalowesha watu peke yao, na walichokivaa.

Shemeji yake, ambaye ni fundi umeme, alikuwa amechuchumaa kando ya soketi, testa mkononi.

"Karibu, shemeji," alisema bila kugeuka. "Haya maji hayana moto. Nimeyapima kila kona."

"Kwa hiyo hayana hatari?"

"Kwa upande wangu, hayana. Upande wa majani ni wako. Tusiingiliane kazi."

Vinywachura vilikuwa vimesimama kati ya kochi na televisheni, vimefungamana kama watu wanaongoja kufunguliwa mlango. Mtaalamu wa mimea alipoketi, maua yote yalizunguka polepole kwenye mashina yake, yakamtazama.

"Unaona!" mdogo wake akacheka. "Yanakupenda. Yamejua mwenyewe kafika."

"Asubuhi niliyaelekeza dirishani, yakatulia hukohuko," akasema shemeji. "Kumbe yalikuwa yanamsubiri mgeni rasmi."

Mtaalamu wa mimea alinyoosha kidole, akalisukuma ua moja upande wa televisheni. Lilikaa huko kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha likarudi. Alitambua kwamba hiyo haikuwa tabia ya mmea ule.

"Sasa haya ni maua gani, dada?"

"Ni ya jamii ya mnanaa," alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Yeye alikuwa mtu wa mambo ya kweli. Hata siku aliyotumwa na kamati ya ardhi kukikagua kinamasi kilichokuwa mahali pale, kabla hakijafukiwa, alijibu kweli tupu. Kamati ilikuwa imempeleka wakati wa kiangazi, kama ilivyo desturi ya kamati zote, kwa sababu kiangazi magari hayakwami. Kinywachura hulala kiangazi. Kila mtu wa fani ile anajua, na kila mtu wa fani ile amewahi kutumwa kiangazi. Alitembea kutwa kwenye matope yaliyokauka na kupasuka bila kuona chochote. Alikuwa amegeuka kurudi kwenye gari alipokikuta kimoja, kimejificha nyuma ya tuta la nyasi, kimesimama wima na maua yake yote kana kwamba hakikuambiwa kuhusu msimu.

Siku zote alikuwa akiwaambia wanafunzi wake: ukikuta mmea uko peke yake, upige picha, upime, uandike, lakini usiuchume. Alisimama mbele ya mmea ule akiwa na vumbi la chaki ya kijani kwenye kucha, kwa kuwa siku iliyotangulia mdogo wake alikuwa amemketisha sakafuni mwa chumba cha kupanga ili wachore kwa chaki na kuchagua rangi ya mapazia ya nyumba ambayo bado haikujengwa. Mdogo wake alikuwa amehama chumba baada ya chumba tangu aolewe. Binti yake alijifunza kutembea kwa kushikilia maboksi. "Hii ikipatikana, dada," alikuwa amesema, "sifungi tena boksi mpaka nizikwe."

Mtaalamu wa mimea alipiga magoti, akazungusha kijembe chake cha mkono kuuzunguka mmea, akautoa na mizizi yake yote. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kama afanyavyo kila kitu. Aliupanga ndani ya gazeti, akayanyoosha majani moja moja, akaukaza ubao wa kukandamizia kwa mikanda. Kwenye kikao mwenyekiti wa kamati alimuuliza, "Kinywachura kipo?" Akajibu, "Hakipo." Na hakikuwepo. Kilikuwa chini ya kiti chake, ndani ya mkoba, kikikauka.

Kwa hiyo mtaa ukajengwa.

Sasa alikaa kwenye kochi la mdogo wake, maua yakimtazama, akasikia kikohozi kutoka chumbani. Mtoto alitoka akiwa amekumbatia mto. Alikuwa na umri wa kuuliza kila kitu, lakini siku hizo hakuuliza sana, pumzi haikumtosha.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kifua hicho vipi?"

"Kina vyura," mtoto akasema.

"Daktari ndiye alisema," akaeleza mdogo wake. "Alimsikiliza na mpira wake ule, akasema ni vyura, bado wadogo, wako pafu la kushoto. Akampa dawa ya maji. Anasema ni huu unyevu. Wakihamia na la kulia, tumrudishe upesi."

Mtaalamu wa mimea aliweka sikio mgongoni mwa mtoto. Walikuwa vyura, wa aina ndogo iimbayo mvua inapokaribia. Angeweza hata kuwataja kwa jina lao la kitaalamu.

Mambo yalibadilika siku aliyobaki kula. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, akiwa na sahani mapajani, shemeji alipoacha kutafuna.

"Jamani, maji yamekwenda wapi?"

Sakafu ilikuwa tupu. Chumba cha mtoto kilikuwa kikavu, ukumbi ulikuwa mkavu, na miguu ya kila mtu imekauka isipokuwa ya mtaalamu wa mimea. Maji yote ya nyumba ile yalikuwa yamejikusanya kukizunguka kiti chake, yamesimama kama maji ya pipa yasiyo na pipa, yakimfikia chini kidogo ya magoti. Shemeji alichukua futi ya kazini akayapima, akatikisa kichwa kwa namna ya fundi anayeheshimu kazi ya fundi mwingine.

"Yamenyooka," alisema. "Ukingo wote sawasawa."

Mdogo wake hakuyatazama maji. Alikuwa amekwenda chumbani na kumwinamia mtoto mgongoni. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua ndoo.

"Wamenyamaza," akasema. "Dada, hebu usiinuke kwanza."

Hakuinuka mpaka jua lilipozama. Kesho yake alikuja tena bila kuitwa. Baada ya hapo ikawa kazi. Alitoka ofisini, akafika, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Maji yakaja kutoka kila chumba na kumzunguka, maua yakageuka. Mdogo wake alimwekea mto wa kuegemea na stuli ya kikombe. Mtoto alipanga wanasesere wake kwenye ukingo wa maji, upande mkavu, akawaambia wamwamkie mama mkubwa. Siku ambazo mtaalamu wa mimea alichelewa, alikuta mtoto amekaa kitandani ameshika ubavu, na mdogo wake anamsogezea tu kiti.

Siku moja alikuja na gazeti lililokunjwa. Alikuwa ameutoa kabatini mmea ule aliouchuma, wenye mizizi yake na rangi iliyofifia. Alikuwa amefikiri jambo hilo kwa utaratibu: kilichotolewa kikirudishwa, hesabu inarudi kuwa sawa. Alingoja mdogo wake aende jikoni, akainama, akaulaza mmea juu ya maji.

Haukulowa. Ulielea kidogo, kisha maji yakaachana chini yake taratibu, kama watu wanaompisha mtu wasiyetaka kumgusa, na mmea ukashuka mpaka kwenye kigae, mkavu, ukakaa hapo. Vinywachura havikuutazama. Viliendelea kumtazama yeye. Aliuokota, akaurudisha ndani ya gazeti, na kuliweka chini ya mkoba wake kabla mdogo wake hajarudi na chai.

"Umeloa mpaka mapajani leo," mdogo wake akasema. "Nikuletee kanga ujifunike?"

"Kaa kwanza. Nina jambo nataka kukwambia."

Mdogo wake aliweka kikombe kwenye stuli. Hakukaa.

"Ni kuhusu haya maua?"

"Ni kuhusu haya maua. Na kuhusu mahali hapa, kabla ya—"

"Dada." Alisema kwa sauti ile aliyotumia wakati wa utotoni, walipokuwa wakilala kitanda kimoja na yeye akitaka mwenzake asifungue dirisha. "Mume wangu ndiye aliyevuta waya nyumba zote hizi. Alipochimba mitaro ya nyaya alikuta nini huko chini, unadhani hakuniambia? Udongo mweusi mpaka kiunoni. Sisi si wajinga."

"Basi kama unajua..."

"Sijui. Nahisi tu. Mtu ukihisi unaweza kulala. Sasa wewe ukishaniambia, nitakuwa najua. Nikijua, itabidi nihame. Nikihama, nakwenda wapi?" Alimfunika magoti kwa kanga, juu ya maji, ikabaki kavu. "Na wakiuliza majirani, nitasema nini? Kwamba dada yangu ndiye? Kunywa chai."

Mtaalamu wa mimea alikunywa chai. Ilikuwa na majani machanga ya kinywachura ndani yake. Mdogo wake alikuwa ameanza kuyachuma kama mnanaa wowote. Ladha yake ilikuwa nzuri, yenye ubaridi ulimini, na mwishoni ilikuwa na udongo kidogo. Aliimaliza yote, kwa sababu alitazamwa.

Akiwa amelala kwake, alijaribu sentensi yenyewe kichwani. Ilikuwa fupi. Mwenyekiti wa kamati bado alikuwa ofisini, mlango wake ulikuwa kwenye ukumbi uleule anaopita kila asubuhi akienda kwenye kabati zake, na kila asubuhi ulikuwa wazi. Angesimama hapo na kusema, "Kilikuwepo." Sheria ingefanya mengine: alama nyekundu ukutani, notisi, tingatinga, na mdogo wake barabarani akiwa na maboksi. Asiposema, angekwenda alasiri na kukaa kitini, na mtoto angepumua. Alizipima hoja hizo mbili kama anavyopima majani, kwa rula, na kila mara alipata jibu lilelile, na kila mara halikumpunguzia kitu. Asubuhi alipita mbele ya ule mlango. Mwenyekiti aliinua mkono kumsalimu. Naye akainua wake.

Habari hazikai nyumba moja. Jirani wa pembeni, mjane aliyepewa jina la Bi Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia, alibisha hodi alasiri moja akiwa na soksi zilizolowa mkononi.

"Hodi wenyewe! Eti ni kweli mna mtu anayekusanya maji?"

"Ni dada yangu," mdogo wake akajibu.

Bi Redio aliingia, akamtazama mtaalamu wa mimea kitini, akayatazama maji yaliyomzunguka, akatazama zulia. Aliguna kwa kuridhika, kama mtu anayekagua friji ya jirani.

"Haya, nyie mnafaidi. Kwangu mimi baridi imeniingia magotini mpaka nikisimama nalia kama mlango. Mjukuu wangu naye daktari kasema ana konokono sikioni. Sasa mwenzenu nimekuja kuomba. Mama mkubwa, kwangu huwezi kuja hata siku moja moja? Kiti ninacho, tena cha mikono."

Shemeji alicheka. "Bi Redio, unaazima shemeji yangu kama unaazima ngazi?"

"Ngazi si ningeirudisha? Na huyu nitamrudisha. Nitamrudisha ameshiba."

Wote walimgeukia mtaalamu wa mimea. Mdogo wake pia, na macho ya mdogo wake yalikuwa yakimwomba asikubali na asikatae.

"Nitakuja," akasema mtaalamu wa mimea. "Nikitoka hapa."

Ikaonekana kwamba akikaa chumba cha nyuma cha Bi Redio, mahali ambapo ukuta ni mmoja, maji ya nyumba zote mbili yalimfuata. Fundi umeme alifanya majaribio, akachora alama ya chaki sakafuni kiti kilipotakiwa kukaa. Baadaye watu wa nyumba zilizofuata nao wakaja, kwa adabu, wakiwa wamebeba soksi zao, kila mmoja na ugonjwa wake wa majini. Hakuna aliyemuuliza ni kwa nini yeye. Walidhani ni elimu. "Mtu aliyesoma ni mtu aliyesoma," Bi Redio aliwaambia uani, "mimea yenyewe inamwinamia." Walimletea ndizi, mafuta ya kuchua, na mara moja mto ulioshonwa jina lake la kazi kwa uzi mwekundu. Vyura wa kifuani mwa mtoto walipungua, na daktari akasema waliobaki hawana sauti ya kutisha. Maji yalipanda mpaka kiunoni mwa mtaalamu wa mimea, kwa kuwa sasa yalikuwa ya mtaa mzima. Alinunua sketi nyepesi za kuvalia kazi hiyo. Ngozi ya miguu yake ilijikunja na kuwa nyeupe, na haikunyooka tena hata ofisini, ndani ya viatu.

Maua yaliota popote kiti chake kilipowekwa, na popote alipokaa yalimtazama. Hakuyazoea, ila alikoma kuyasukuma.

Mvua zilipokwisha, kampuni ya ujenzi ilianza kufukia sehemu iliyobaki ya kinamasi, ile ya nyuma ya uzio wa mtaa. Haikuomba ukaguzi mwingine. Ardhi ilikuwa imekwisha kukaguliwa, mwenyekiti aliwaambia, tena na mtu anayeaminika. Alimwambia pia yeye mwenyewe, walipokutana ukumbini, kwa nia ya kumpongeza. Mtaalamu wa mimea alisimama mbele yake muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyotaka, mdomo wake wa chini umeachana na wa juu.

"Ulikuwa unasema?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana," akasema. "Kazi njema."

Alasiri ile aliketi kwenye kiti cha mikono cha Bi Redio. Maji yakaja. Dirishani kwa nyuma yalionekana malori yakiingia kwa zamu, na nguzo ndogo zenye kamba zikionyesha kuta zitakapopita, nyumba baada ya nyumba, mpaka kwenye nyasi za mwisho. Familia moja ilikuwa imekuja kuangalia kiwanja chake. Mama yao alisimama kwenye udongo mbichi, akionyesha kwa mikono jinsi mapazia yatakavyokaa.

Bi Redio alikuwa akimenya viazi kando, miguu yake mikavu imewekwa juu ya stuli. Naye aliwatazama.

"Masikini, wana furaha," alisema. "Ila hawa wote wakishahamia, mama mkubwa, utawaweza? Si utachoka?"

Mtaalamu wa mimea alilifikiria swali kama lilivyo. Alifikiria urefu wa safu ile, kuta zipi ni za pamoja, kiti kikae wapi, na saa za alasiri ni chache kiasi gani kwa mtu anayetoka ofisini.

"Nitastaafu mapema," akasema.

"Hapo umenena," akasema Bi Redio, akaridhika, akainuka kwenda kubandika viazi. Nyuma ya uzio lori liliinua tumbo na kumwaga kifusi, na maji yakapanda kidogo, kutoka kiunoni mwa mtaalamu wa mimea hadi chini ya mbavu.